Jicho lenye kufichwa ndani ya nyumba

Mafundisho haya yalipita kwa redio na wengi waliomba tuyaandike. Tunayaweka hapa karibu namna yalivyosemwa.

Katika barua zenye zilitufikia, tatu zinauliza jambo moja kwa njia tatu. Mama mumoja anauliza kama ni vibaya kuweka kamera ndogo ya kufichwa, ili aone namna musichana wa kazi anavyomuchunga mutoto wake wakati yeye yuko sokoni. Papa mumoja anauliza kama bwana anaweza kuweka kamera katika chumba bila bibi yake kujua, kwa sababu ana mashaka. Na wa tatu ni kijana wa kwaya. Yeye anauliza mutu afanye nini akikuta kamera mahali penye haipaswi kuwa. Hakueleza zaidi, na sitamulazimisha.

Ninajua wengine wangependa nijibu kwa neno moja, ndiyo ao hapana, kisha turudi kwa nyimbo. Lakini barua hizi tatu hazina jibu moja. Mama mwenye anaogopea mutoto wake na papa mwenye anamuvizia bibi yake wananunua kitu kilekile kwa meza ileile ya sokoni, lakini hawafanyi jambo moja.

Tuelewe kwanza kitu chenyewe. Kamera ya kufichwa si uchawi. Ndani yake kuna kioo kidogo cha kukamata mwangaza, na tundu lake linaweza kuwa dogo kama kichwa cha pini. Nyuma ya kioo kuna kipande cha elektroniki, sawa na kile cha telefone yako. Kisha kuna karte memwari ya kuchunga picha, ao waifai ya kuzituma kwa telefone ya mwenye kamera, hata kama yeye yuko Kigali ao Bruxelles. Inahitaji umeme. Ndiyo sababu watengenezaji wanapenda kuificha ndani ya vitu vyenye vinakaa kwa umeme: sharjeri ya telefone, saa ya mezani, balbu, priza ya ukuta. Zingine zinalala mpaka kitu kitembee mbele yao, ndipo zinaamuka. Zingine zina taa ndogo zenye jicho la mutu haliwezi kuona, kwa hiyo hata gizani zinaendelea kukamata picha.

Kamera ya nyumba haikuzaliwa kwa ubaya. Munajua ni nani aliiwaza wa kwanza? Ni mama mumoja muuguzi, Mwafrika wa Marekani, jina lake Marie Van Brittan Brown, mwenye alikaa Queens katika muji wa New York. Bwana yake Albert alikuwa fundi wa elektroniki. Saa za kazi zao hazikuwa za kawaida, na mara nyingi mama alikuwa peke yake usiku. Polisi katika kartie yao walikuja kwa kuchelewa. (Hapa najua wengi wanatikisa kichwa.) Basi waliunda mulango wenye matundu mane, moja juu ya lingine, ili kuona mutu murefu na pia mutoto, na kamera yenye ilipanda na kushuka nyuma ya matundu hayo. Picha ilifika kwa televizio katika chumba cha kulala. Mama aliweza kuongea na mugeni kwa mikro, kumufungulia mulango bila kuamuka kitandani, ao kupiga alarme. Waliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1966, wakaipata tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 1969.

Angalia namna ile kamera ilivyogeukia. Iliangalia inje. Ilimuuliza mutu mwenye anakuja: wewe ni nani? Haikumugeukia mutu mwenye amelala ndani. Kama una kamera kwa geti la parseli yako, yenye kila mutu anaiona, ao yenye zamu wako anajua iko wapi, wewe uko pamoja na mama Brown na sina neno juu yako. Shida inaanza pale jicho linageuka kuangalia watu wa nyumba, na tena linajificha.

Sasa tuje kwa barua ya kwanza, na nitakaa hapo, kwa sababu inagusa nyumba nyingi za kanisa letu.

Mwezi wa 11 mwaka 2014, pale Kampala, papa mumoja aliona alama kwa mwili wa binti yake wa mwaka mumoja na nusu. Aliweka kamera ya siri nyumbani. Wengi wenu muliona video ile. Ilipita mipaka yote, ikafika mpaka huku kwa telefone zetu. Sitaeleza yote yenye kuwa ndani. Musichana wa kazi, mwenye miaka 22, anamupiga mutoto, anamutupa chini, anamukanyaga. Papa alipoona, alimupiga yule musichana vikali, hata polisi wakamushitaki yeye papa kwanza. Alipoonyesha video, mashitaka juu yake yakaachwa. Mwezi wa 12 tribinali ilimukatia musichana miaka 4 ya gereza.

Mama mwenye umeandika, najua video ile ndiyo iko katika kichwa chako unapokuwa sokoni. Na ni kweli, kamera ile ilifanya kazi ya haki. Mutoto hakuwa na maneno ya kujisemea. Bila picha, ingekuwa kinywa cha papa mbele ya kinywa cha musichana, na pengine papa ndiye angelala gerezani. Mutu mwenye anasema kwamba kamera ya kufichwa ni zambi siku zote, amueleze hayo mama wa yule mutoto.

Lakini rudia habari yenyewe polepole. Papa aliona alama kwa mwili wa mutoto mbele ya kuweka kamera. Mwili wa mutoto ulisema wa kwanza, na kamera ikaja kuwa shahidi wa pili. Hili tunalisahau. Kamera haimuzuie mutu kupiga. Inakuonyesha kipigo kisha mutoto kupigwa. Mutoto mwenye analia anapoona mutu fulani anakaribia, mwenye ameacha kula, mwenye anaogopa kuogeshwa, huyo ameishasema. Yule mwenye anamuogesha mutoto wake mwenyewe kila jioni, na kumugeuza mugongo na tumbo kwa mwangaza wa taa, anaona mengi yenye kamera ya salo haitaonyesha, kwa sababu kipigo kinaweza kufanyika kwa jikoni ao inje kwa bomba la maji.

Tena kuna jambo lenye linaniuma zaidi. Papa alikuwa na haki ya kupeleka video kwa polisi. Lakini video haikukaa kwa polisi. Ilizunguka ulimwengu, na sisi watu wa Mungu tuliituma kwa vikundi vyetu, pamoja na vikundi vya sala, na chini yake tukaandika «tuombee watoto». Yule mutoto ameishakua. Anaweza kushika telefone. Siku moja atakuta pale mwili wake mudogo chini ya mguu wa mutu, na atajua kwamba mamilioni ya watu wamemuangalia. Je, sisi wenye kutuma tulimusaidia nini? Wakati video ilifika kwako, musichana alikuwa ameishakamatwa.

Na sasa niseme juu ya huyu musichana wa kazi, kwa sababu katika barua ile yeye hana jina wala neno. Katika nyumba zetu nyingi analala wapi? Hana chumba. Watu wote wakiisha kula na televizio kuzimwa, anatandika matelasi yake katika salo, ao kwa jikoni. Hapo ndipo anavua nguo. Hapo ndipo anavaa asubuhi saa kumi na moja, mbele wengine hawajaamuka. Basi mama, ukiweka kamera katika salo unasema: ninaangalia mutoto wangu muchana. Lakini kamera haijui muchana umeisha. Ile salo yako ndiyo chumba chake cha kulala. Na ile picha ya usiku inaenda kwa telefone ya nani? Ni ya bwana yako? Ni ya kijana wako wa miaka 17 mwenye alikusaidia kuifunga, kwa sababu wewe hujui mambo ya waifai? Fikiri vizuri hapo, mama. Unaweza kuwa ulitaka kulinda mutoto mumoja, na umemufungulia dirisha mutoto mwingine wa mutu. Kwa maana huyu musichana pia ana mama, pengine kule Walungu ao Masisi, mwenye alimuleta kwako akisema: dada, ninakuachia huyu, mulinde kama wako.

Kwa hiyo ninajibu hivi. Kama unataka kamera katika nyumba, mwambie. Muonyeshe mahali iko, na saa zenye inazimwa. Utaniambia: nikimuonyesha, ataenda kumupigia mutoto kwa jikoni. Inaweza kuwa. Lakini mutu mwenye unaamini anaweza kumupiga mutoto wako mahali kamera haioni, kwa nini unamuachia mutoto? Tafuta njia nyingine. Rudi nyumbani saa yenye hakuitazamia. Omba jirani, nyakuru, mutu wa kikundi cha wamama, apite. Na tena angalia ni saa ngapi musichana huyu anaamuka na saa ngapi analala, anakula nini, mushahara wake wa miezi miwili iliyopita uko wapi. Sisemi kwamba uchovu na njaa vinamupa mutu haki ya kupiga mutoto. Hata kidogo. Ninasema kama tunanunua kamera na tunachelewesha mushahara, kuna kitu kimepinda.

Na kama alama ziko kwa mwili wa mutoto, kama yule papa wa Kampala? Hapo ninaona tofauti. Kwanza mutoto aende kwa hospitali, munganga aandike yenye anaona. Kama kisha hayo munaona ni lazima kamera ya siri, basi ikae siku chache tu, iangalie tu mahali mutoto anachezea, isikae hata dakika moja mahali mutu analala ao anaoga, na wazazi wote wawili wajue. Picha ifike kwa munganga na kwa polisi, isifike kwa mutu mwingine yeyote. Na papa asipige mutu. Yule wa Kampala alikaribia kupoteza kesi yake yote kwa ngumi.

Barua ya pili ni ya papa mwenye mashaka juu ya bibi yake. Papa, ninakuheshimu kwa sababu uliuliza mbele ya kufanya. Wengi wanafanya kwanza.

Munakumbuka Noa kisha garika. Alilima shamba la mizabibu, akalewa, akalala uchi ndani ya hema yake. Mutoto wake Hamu aliona, akatoka inje kuwaeleza ndugu zake. Semu na Yafeti walikamata nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamufunika baba yao bila kumuangalia. Sikieni: Noa alilewa kweli. Hamu hakusema uongo. Hata hivyo ni yeye aliyebaki na aibu katika habari ile, na wale wenye kufunika wakabarikiwa. Mara nyingi tunafikiri kwamba jambo likiwa kweli, basi tuna ruhusa ya kuliangalia na kulitangaza. Hema ile inatufundisha kinyume.

Tuseme unaweka kamera juu ya kabati. Siku tatu hakuna kitu. Mashaka yako yatapona? Haitakuwa hivyo. Utasema: labda ni kwa salo. Utahamisha kamera. Kisha utasema: labda ni kwa telefone. Na wakati huo wote bibi yako anavua na kuvaa, anamunyonyesha mutoto, analia peke yake juu ya mambo yake, anasali kwa magoti kando ya kitanda, na wewe unamuangalia kama mwizi anavyoangalia dukani. Na ile karte memwari inakaa ndani ya telefone yako. Telefone zinaibiwa. Telefone zinapelekwa kwa fundi. Telefone zinaazimwa na ndugu mudogo mwenye anataka kupiga foto. Picha ya bibi yako ikitoka pale, ni nani ataamini kwamba wewe hukuiuza? Katika muji wetu tunaona picha za namna hiyo zinatembea, wasichana wanaacha masomo, wamama wanahama kartie. Hatuwezi kuzirudisha.

Tena kuna sheria. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mutu haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya siri, na kifungu cha 29 kinalinda nyumba. Tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 tuna pia sheria kubwa ya mambo ya dijitali, yenye watu wanaita Code du numérique. Mimi si avoka. Mwenye kesi aende kuona avoka. Ninasema tu kwamba hakuna mahali kumeandikwa kuwa mahari inamupa bwana haki ya kumufanya bibi yake filme.

Kama una mashaka, sema nayo. Ukae naye chini, umuulize. Kama hamuwezi kuongea, muite wazee wawili wenye munawaamini wote wawili. Ni njia ngumu kupita kamera, kwa sababu inakuomba wewe pia ujibu maswali.

Mutu mumoja hapa studio aliniambia: lakini muchungaji, kama mutu hana uovu, kwa nini aogope kamera? Swali hilo linasikika sana siku hizi. Ninamujibu kwa Danieli. Wakubwa wa ufalme walitafuta kosa kwake, hawakupata hata moja. Basi wakatafuta saa yake ya sala, wakajua dirisha lake liko wapi, wakaenda pamoja wakamukuta anasali. Danieli hakuwa na uovu hata kidogo, na jicho la kuvizia likamutupa katika tundu la simba. Inategemea ni nani anaangalia, na anataka kufanya nini na yenye anaona.

Lakini nisipinde ukweli upande mumoja. Mwaka 2015, kule Ghana, mwandishi wa habari mwenye jina Anas Aremeyaw Anas, mwenye anaficha uso wake kwa shanga, alionyesha filme yenye aliitayarisha kwa kamera za siri. Ndani yake majaji na mahakimu wanaonekana wanakamata rushwa, wengine pesa, wengine hata mbuzi, ili wamuachilie mwenye kosa. Walitajwa 34, na mwezi wa 12 wa mwaka ule 20 kati yao walifutwa kazi. Filme ile aliita kwa kichwa chenye kusema Ghana mbele ya macho ya Mungu. Sitamuhukumu. Jaji kwa kiti chake anafanya kazi ya watu wote, na yule maskini mwenye amepoteza shamba kwa sababu jirani alileta mbuzi, hana njia nyingine ya kuonyesha. Ile ni kamera mbele ya mutu mwenye nguvu, juu ya kazi yake, si juu ya kitanda chake. Papa mwenye mashaka, wewe ndiwe mwenye nguvu katika nyumba ile. Hiyo ndiyo tofauti.

Sasa niongee na ninyi wachungaji, wazee na mashemasi, na hapa sitapita haraka.

Mwaka 2014, kule Washington katika Marekani, rabi mumoja alikamatwa. Alikuwa mwalimu mukubwa, mwenye kuheshimiwa, watu walisafiri kumusikia. Karibu na sinagogi yake kulikuwa na bafu ya kutakasika, mahali wanawake wanaingia kwa sala zao, na mahali wanawake wenye wanaingia imani ya Kiyahudi wanazamishwa. Katika chumba cha kubadilisha nguo aliweka saa ya mezani yenye redio. Ndani ya saa kulikuwa kamera. Watu wa palepale waliona kwamba ile saa haikuwa ya kawaida, ikafika kwa polisi. Mwaka 2015 alikubali makosa 52, na jaji akamuhesabia siku 45 kwa kila mwanamuke, jumla miaka 6 na nusu hivi. Polisi waliona wanawake wengine wengi katika picha zake, karibu 150, lakini kwa wengi wakati wa kushitaki ulikuwa umepita.

Usiseme: hao ni Wayahudi, ni Wamarekani. Sisi pia tuna siku ya ubatizo. Wadada wanatoka katika maji, nguo zimeshikamana na mwili, wanaingia katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa kubadilisha. Chumba kile ni nani ana ufunguo wake? Tuna chumba cha kwaya. Tuna nyumba za wageni za kanisa, zenye wamama wanalala kumi kumi wakati wa konvansio. Tuna biro ya muchungaji, mahali mutu analeta machozi yake na kutaja zambi yake. Yule rabi hakuingia kwa dirisha usiku. Aliingia muchana na ufunguo wake, na watu walimusalimia. Ndiyo maana siombi tu kwamba wachungaji wawe watakatifu. Ninaomba chumba cha wamama kiwe na ufunguo kwa mikono ya wamama, muchungaji asiwe nao, na mbele ya kila ubatizo mashemasi wamama wawili waingie, waangalie, watoe kila kitu chenye hakina mwenyewe. Muchungaji mwenye anakasirika juu ya mupango huo, mumuulize kwa nini.

Na kamera za usalama zenye makanisa mengine yameanza kufunga juu ya sanduku la sadaka na vyombo vya muziki? Ziwekwe kwa macho ya wote, na tangazo lifanywe siku ya Yenga. Lakini chunga fundi. Katika Marekani fundi mumoja wa kampuni kubwa ya alarme, alipofunga kamera katika nyumba za watu, aliongeza adresi yake mwenyewe kwa hesabu zao. Zaidi ya miaka mine alikuwa akiangalia ndani ya nyumba karibu 200, zaidi ya mara 9,600, akitafuta nyumba zenye wanawake warembo. Mwaka 2021 alikubali kosa mbele ya tribinali. Na kampuni Ring, ya kamera za milangoni, ilishitakiwa na serikali ya Marekani mwaka 2023, kwa sababu mufanyakazi wake aliangalia maelfu ya video za wanawake katika vyumba vyao. Watu wale walijinunulia kamera wenyewe, kwa ajili ya usalama. Basi fundi akimaliza, mbele hajatoka, badilisha neno la siri lenye lilikuja na kamera, wewe mwenyewe, kwa telefone yako. Yale maneno ya siri ya kiwanda, kama 1234 ao admin, wezi wote wanayajua kwa kichwa.

Barua ya tatu. Kijana wa kwaya, jibu lako ni hili.

Katika Korea ya Kusini taabu hii ilikuwa kubwa hata wanawake makumi ya maelfu walitembea katika barabara za Seoul mwaka 2018, na muji ukaanza kutuma watu kukagua vyoo vya watu wote, zaidi ya 20,000. Mwaka uliofuata polisi walikamata watu wenye walificha kamera katika vyumba 42 vya hoteli ndogo 30, ndani ya masanduku ya televizio, priza, na mahali pa kutundika mashine ya kukausha nywele. Wageni karibu 1,600 walionyeshwa kwa intaneti na hawakujua. Ndiyo maana sasa Airbnb, kampuni ya kukodisha vyumba kwa wasafiri, tangu mwisho wa mwezi wa 4 mwaka 2024 imekataza kamera zote ndani ya nyumba, hata katika salo, hata zenye kuonekana.

Mukiingia katika chumba chenye hamukijui, angalieni vitu vyenye vinageukia kitanda ao dushi: saa, sharjeri yenye hakuna mutu ameisahau, priza mupya kwa ukuta wa zamani. Zima taa, washa tochi ya telefone, uitembeze polepole karibu na jicho lako. Kioo cha kamera, hata kidogo sana, kinarudisha nukta ya mwangaza. Katika giza, fungua kamera ya mbele ya telefone, ile ya kujipiga picha. Mara nyingi inaona zile taa ndogo za usiku zenye jicho letu halioni, zinaonekana kama nukta nyeupe ao zambarau. Si njia zenye kupata kila kitu, lakini hazina bei.

Ukikuta kitu, usikivunje. Kipige picha palepale kilipo, na ukuta wote uonekane. Kifunike na nguo. Wadada watoke katika chumba. Ita watu wazima wawili, mumoja mwanamuke, wenye si wa familia moja, na kama ni katika kanisa, mumoja asiwe chini ya mamlaka ya yule mwenye ana ufunguo. Andikeni siku, saa na majina. Kisha munapeleka kwa polisi pamoja, na wale wadada waambiwe siku ileile, wasije kusikia kwa watu wa inje. Mama mumoja akae nao.

Na ile karte memwari yenye iko ndani yake, usiiweke kwa telefone yako kuona kama ni kweli. Najua utataka kuhakikisha. Lakini wenye wako ndani ni wadada zako wa kwaya. Iachie pale iko, funga yote ndani ya bahasha, watu wawili watie sahihi juu ya mufuniko, na bahasha ifunguliwe na wale wenye kazi yao ni hiyo.